Wi-Fi Inayokatikakatika kwenye Kompyuta ya Mwanafunzi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali ambayo wanafunzi wa vyuo hurudia kuyauliza, hasa wanaoishi hosteli au waliopanga vyumba karibu na chuo. Majibu yamelenga kompyuta mpakato zenye Windows 10 au 11, kwa kuwa ndizo zilizo mikononi mwa wengi. Anayesoma kwa haraka asome angalau swali la 1, kwa sababu karibu majibu mengine yote yanalitegemea.

## Mambo ya msingi

1. Nitajuaje kama tatizo ni la kompyuta yangu, la mawimbi au la mtandao wenyewe?

Njia ya intaneti kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye tovuti ina vipande vitatu: kompyuta pamoja na kadi yake ya Wi-Fi, hewa iliyo kati ya kompyuta na ruta (kifaa kinachopokea intaneti na kuigawa kwa Wi-Fi), na laini inayotoka kwenye ruta kwenda kwa kampuni ya mtandao. Kila kipande kinaweza kuharibika peke yake huku viwili vikiwa vizima, na dawa ya kimoja haitibu kingine. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kutambua kipande chenye hitilafu kabla ya kugusa mpangilio wowote.

Jaribio la kwanza halihitaji utaalamu. Zima data ya simu, washa Wi-Fi ya simu, kaa palepale unapokaa na kompyuta, kisha fungua tovuti ileile. Simu nayo ikisumbua, usiilaumu kompyuta kwanza. Simu ikifanya kazi vizuri huku kompyuta ikikwama, shaka inahamia kwenye kompyuta, ingawa si moja kwa moja, maana huenda vifaa hivyo viwili vimeshika masafa tofauti (tazama swali la 6).

Jaribio la pili ndilo linalotoa jibu la uhakika zaidi. Andika `cmd` kwenye sehemu ya kutafutia ya Windows, fungua dirisha jeusi linalojitokeza, andika `ipconfig`, kisha soma namba iliyo mbele ya maneno "Default Gateway" katika sehemu ya Wi-Fi. Hiyo ndiyo anwani ya ruta, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1, ingawa vyuo huwa na namba nyingine kama 10.x.x.x. Kisha andika amri hizi, moja baada ya nyingine, ukiweka namba yako mahali pa ile ya mfano:

`ping -n 50 192.168.1.1`

`ping -n 50 8.8.8.8`

`ping -n 10 google.com`

Amri ya kwanza inapima safari ya kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye ruta tu. Majibu yanapaswa kurudi yote, kila moja kwa milisekunde chache. Yakipotea, au yakipanda ghafla hadi mamia ya milisekunde, hitilafu iko kwenye kompyuta au hewani, na hakuna faida ya kuilalamikia kampuni ya mtandao kabla ya kutazama sehemu mbili zinazofuata. Amri ya kwanza ikienda vizuri lakini ya pili, inayofika hadi kwenye intaneti, ikapoteza majibu, basi Wi-Fi yako ni nzima na tatizo liko mbele ya ruta. Zote mbili zikienda vizuri lakini ya tatu ikashindwa kuitambua google.com, kilichokwama ni huduma ya majina, na jibu lake liko kwenye swali la 12.

Kuna tahadhari moja. Baadhi ya mitandao ya vyuo imezuia majaribio ya `ping` kwa sababu za usalama. Ukiona majibu yote 50 yamekosekana huku kurasa zinafunguka kama kawaida, ujue umekutana na kizuizi hicho, na jaribio hilo halikwambii lolote.

2. Alama ya Wi-Fi imejaa, lakini kurasa hazifunguki. Inawezekanaje?

Alama ile inapima nguvu ya mawimbi kati ya kompyuta na ruta peke yake. Haijui kama ruta ina intaneti, kama bando la ruta limekwisha, wala kama watu 60 wameunganishwa kwenye kisambazaji kimoja, yaani kile kifaa cha ukutani au darini kinachorusha Wi-Fi ya chuo. Ruta iliyokatwa huduma tangu jana itaendelea kuonyesha alama zilizojaa. Ndiyo maana jaribio la swali la 1 linafaa kuliko kutazama alama.

3. Nifanye nini kabla ya kumpelekea fundi?

Anza kwa kuwasha kompyuta upya kwa kuchagua "Restart", si kwa kuizima na kuiwasha. Tangu Windows 8, kompyuta nyingi zikizimwa kwa kawaida huhifadhi sehemu ya hali ya mfumo ili ziwake haraka, kwa hiyo draiva ya Wi-Fi (programu inayoendesha kadi) iliyokwama inaweza kuamka ikiwa imekwama vilevile. "Restart" huanza upya kila kitu.

Kisha hakikisha hali ya ndege haijawashwa kwa bahati mbaya, maana kompyuta nyingi zina kitufe chake kwenye safu ya juu ya kibodi, na baadhi za zamani zina swichi ndogo ubavuni. Baada ya hapo nenda kwenye orodha ya mitandao iliyohifadhiwa, chagua mtandao unaosumbua, bonyeza "Forget", halafu unganisha tena kwa kuandika nenosiri upya. Hatua hii huondoa mipangilio ya zamani, hasa kama nenosiri au ruta imebadilishwa. Kama ruta ni yako, ichomoe kwenye umeme, subiri nusu dakika, ichomeke, kisha iache dakika mbili au tatu kabla ya kujaribu.

4. Fundi ameniambia nipige Windows upya. Nikubali?

Usikubali mpaka jaribio la swali la 1 lionyeshe kwamba tatizo liko kwenye kompyuta, na mpaka hatua za maswali ya 8 hadi 12 zishindikane. Inaumiza kumwona mwanafunzi akilipa fedha ya chakula cha wiki na kupoteza rasimu ya tasnifu yake kwa ajili ya hitilafu iliyokuwa kwenye ukuta wa chumba au kwenye nyaya za chuo. Kupiga Windows hakuongezi nguvu ya mawimbi hata kidogo. Kuna wakati husaidia, kwa mfano mfumo ukiwa umeharibiwa na virusi, lakini hata hapo hifadhi kwanza nakala ya kazi zako mahali pengine, na mwombe fundi aweke draiva ya Wi-Fi kwenye fleshi kabla ya kuanza. Kompyuta iliyopigwa Windows bila draiva hiyo inaweza kurudi ikiwa haioni mtandao wowote.

## Mawimbi, kuta na mahali unapokaa

5. Kwa nini Wi-Fi inashika vizuri kwenye korido lakini kitandani inakata?

Kwa sababu ya vilivyo katikati. Mawimbi ya Wi-Fi hupita kwa urahisi kwenye mbao, kioo cha kawaida na kitambaa, hivyo chandarua hakina neno. Hupungua sana kwenye ukuta wa matofali ya saruji, na zaidi kwenye zege lenye nondo, ambalo ndilo sakafu na nguzo za hosteli nyingi za ghorofa. Chuma huyarudisha yalikotoka. Kitanda cha chuma cha ghorofa mbili, kabati la chuma lililoegemezwa ukutani, wavu wa chuma dirishani na bati la kugawanya vyumba vinaweza kugeuza kona moja kuwa mahali pasipo na mtandao kabisa, huku hatua mbili pembeni mambo yakiwa mazuri.

Ili usikisie, andika kwenye dirisha jeusi `netsh wlan show interfaces` na usome mstari wa "Signal". Matoleo mapya ya Windows 11 huomba kwanza ruhusa ya kutumia huduma ya mahali, na unapaswa kuiruhusu ili amri ifanye kazi. Tembea na kompyuta, rudia amri kila unapokaa, na linganisha. Asilimia 80 na kuendelea ni nzuri. Chini ya 50 tarajia kusumbuliwa na mikutano ya video. Chini ya 30 kukatikakatika ni jambo la kawaida na hakuna mpangilio wa kompyuta utakaoliondoa. Programu za simu zinazopima Wi-Fi hutumia kipimo kingine kinachoandikwa kwa namba hasi: -50 ni mawimbi yenye nguvu, -67 bado yanatosha kwa kazi nyingi, na -80 ni dhaifu sana.

Ukishajua, hamisha meza badala ya kuhangaika na programu. Antena za kompyuta nyingi zimefichwa kwenye fremu ya kioo, kwa hiyo kuigeuza kompyuta au kuinyanyua kutoka kwenye godoro na kuiweka mezani wakati mwingine kunatosha. Kama ruta ni yenu ninyi wapangaji, itoeni sakafuni na nyuma ya televisheni, muiweke juu, katikati ya nyumba, mbali na friji na tanki la maji.

6. Ruta inaonyesha majina mawili, moja likiishia na 5G. Nichague lipi?

Jina hilo halihusiani na 5G ya simu. Linamaanisha masafa ya gigahezi 5, wakati jina la kwanza hutumia gigahezi 2.4. Masafa ya 2.4 hufika mbali zaidi na hupenya kuta vizuri zaidi, lakini yamesongamana, maana yana chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11, na yanashirikishwa na Bluetooth, vipanya visivyo na waya na hata tanuri la maikrowevu. Masafa ya 5 yana chaneli nyingi na kasi kubwa, lakini ukuta mmoja wa zege unaweza kuyamaliza.

Ukiwa chumba kimoja na ruta, chagua 5. Ukiwa vyumba viwili mbali, jaribu 2.4. Katika hosteli iliyojaa, 5 yenye asilimia 60 mara nyingi hushinda 2.4 yenye asilimia 90, na hilo huwashangaza wengi kwa sababu wamezoea kuhesabu alama. Ile amri ya swali la 5 inaonyesha namba ya chaneli: kati ya 1 na 13 uko kwenye 2.4, na kuanzia 36 uko kwenye 5.

Kompyuta za mtumba za miaka ya kuanzia 2010 hadi 2014 mara nyingi zina kadi isiyoona masafa ya 5 kabisa. Kama simu inaona jina ambalo kompyuta hailioni, sababu yake huenda ni hiyo.

7. Kwa nini mchana ni nzuri, lakini ikifika saa mbili usiku haifai?

Kwa sababu saa mbili usiku wote mmerudi chumbani. Vifaa vilivyo kwenye chaneli moja hupokezana hewa kama watu waliopewa kipaza sauti kimoja mkutanoni: anapoongea mmoja, wengine husubiri. Msongamano haupimwi kwa idadi ya watu peke yake. Kifaa kilicho mbali na kisambazaji hulazimika kuzungumza polepole ili kisikike, na muda huo mrefu kinachoutumia hukatwa kwenye zamu za wengine wote, hata walio karibu. Mwenzako anayepakua filamu kutoka ngazi ya chini anaweza kukuchelewesha wewe uliyekaa chini ya kisambazaji.

Upande wa pili wa tatizo ni laini ya nje, ambayo chuo hununua kwa ukubwa fulani na kuwagawia wote. Amri mbili za kwanza za swali la 1, zikirudiwa saa mbili usiku, zitakwambia ni hewa iliyosongamana au ni laini. Ukikuta ni hewa, hamia masafa ya 5. Ukikuta ni laini, hakuna unachoweza kufanya kutoka chumbani isipokuwa kupanga upakuaji wa mafaili makubwa alfajiri, na hiyo ni mbinu ya kweli inayosaidia wengi.

## Ndani ya kompyuta

8. Inakata kila baada ya dakika chache, hasa ninapotumia betri. Kwa nini?

Windows hujaribu kuokoa betri kwa kuilaza kadi ya Wi-Fi, na baadhi ya kadi huamka vibaya. Bonyeza kulia kwenye alama ya Windows, fungua "Device Manager", panua "Network adapters", bonyeza mara mbili jina la kadi yako ya Wi-Fi, na kwenye ukurasa wa "Power Management" ondoa tiki kwenye ruhusa ya kuzima kifaa ili kuokoa umeme. Kompyuta nyingine mpya hazina ukurasa huo. Kwa hizo, chagua hali ya betri inayotanguliza utendaji na uone kama kukatika kunapungua.

9. Nisasishe draiva kwa njia gani?

Angalia kwanza jina la kadi kwenye "Network adapters": mara nyingi ni Intel, Realtek, Qualcomm au MediaTek. Kisha nenda kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza kompyuta yako, kama HP, Dell au Lenovo, andika namba ya modeli iliyobandikwa chini ya kompyuta, na upakue draiva ya Wi-Fi kutoka hapo. Draiva inayoletwa na Windows Update mara nyingi inatosha, lakini kuna nyakati ndiyo inayoleta ugonjwa. Kama usumbufu ulianza mara tu baada ya sasisho, kwenye dirisha lilelile la kadi fungua ukurasa wa "Driver" na ubonyeze "Roll Back Driver" ili kurudisha ya zamani.

Usipakue programu zinazodai kutafuta na kusasisha draiva zote kwa mkupuo. Nyingi huishia kudai malipo, na nyingine huingiza programu nyingine usizozihitaji. Pia kumbuka kwamba Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025.

10. Alama ya Wi-Fi imepotea kabisa. Kadi imekufa?

Si lazima. Zima kompyuta, chomoa chaja, chomoa betri kama inatoka, kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30 na uwashe tena. Hatua hii huondoa umeme uliobaki ndani, na kadi iliyoganda mara nyingi huonekana tena. Isipoonekana kwenye "Network adapters" hata baada ya hapo, muulize fundi aifungue.

Kama kompyuta imewahi kufunguliwa kubadilishiwa kioo au kuongezewa memori, eleza hilo waziwazi. Waya mbili nyembamba za antena hubandikwa juu ya kadi kwa vifungo vidogo mno, na zikiachia, kadi huonekana nzima lakini hushika mtandao ukiwa mita moja tu kutoka kwenye ruta. Ni tatizo la kawaida kwenye kompyuta za mtumba zinazouzwa Kariakoo au Luthuli Avenue, na kulitatua ni kazi ya dakika chache kwa fundi mwaminifu. Kadi ikiwa imekufa kweli, adapta ndogo ya USB ya Wi-Fi ni mbadala wa bei nafuu. Chagua inayoshika masafa yote mawili.

11. Inasema imeunganishwa lakini hakuna intaneti, na anwani yangu inaanza na 169.254. Maana yake nini?

Kompyuta iliomba anwani kutoka kwenye ruta, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Kwa anwani hiyo haiwezi kutoka nje. Andika `ipconfig /release`, kisha `ipconfig /renew`. Ikishindwa, hakikisha hujawahi kuandika anwani ya kudumu kwa mkono kwenye mipangilio ya Wi-Fi. Inapaswa kuwa "Automatic". Ikishindwa tena, na wenzako pia wanapata 169.254, tatizo ni la ruta au la chuo.

12. WhatsApp inafanya kazi lakini tovuti zinasema anwani haikupatikana. Nifanyeje?

Huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba, iitwayo DNS, imekwama. Safisha kumbukumbu yake kwa `ipconfig /flushdns`. Ikiwa haitoshi, kwenye mipangilio ya Wi-Fi badilisha DNS iwe 1.1.1.1 au 8.8.8.8. Tahadhari: kwenye mtandao wa chuo mabadiliko haya yanaweza kuzuia ukurasa wa kuingia usitokee (swali la 13), na tovuti za ndani ya chuo zisipatikane. Ukifika chuoni, rudisha "Automatic".

## Mtandao wa chuo

13. Nimeunganishwa, lakini ukurasa wa kuandika namba ya usajili hautokei.

Ukurasa huo hutokea pale mtandao unapoweza kuingilia ombi lako la kwanza, na tovuti nyingi za leo zimefungwa kwa usimbaji kiasi kwamba haziingiliki. Andika kwenye kivinjari `http://neverssl.com`, tovuti iliyoachwa bila usimbaji kwa makusudi, na ukurasa wa chuo utajitokeza. Zima VPN kwanza (programu inayopitisha intaneti yako kwenye njia ya siri), kama unayo.

Angalia pia saa na tarehe. Kompyuta ya mtumba ambayo betri yake ndogo ya ubao imekwisha hurudi miaka mingi nyuma kila inapozimwa, na tarehe ikiwa si sahihi, kivinjari hukataa vyeti vya tovuti karibu zote. Wengi hulaumu Wi-Fi kwa miezi kadhaa, kumbe kinachotakiwa ni betri ya CR2032, ya umbo la sarafu.

14. eduroam inaniomba nenosiri kila mara. Nakosea wapi?

eduroam ni mtandao wa vyuo vya nchi nyingi ulioanzia Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kwetu unapatikana kupitia mashirika ya mitandao ya elimu kama KENET nchini Kenya, TERNET nchini Tanzania na RENU nchini Uganda. Faida yake ni kwamba mwanafunzi wa chuo kimoja anaweza kuutumia akiwa mgeni kwenye chuo kingine, na ndiyo sababu jina la mtumiaji lazima liandikwe kwa ukamilifu, pamoja na alama ya @ na kikoa cha chuo chako. Ukiandika namba ya usajili peke yake, mtandao haujui ukuulizie wapi. Jina fupi linaweza kukubaliwa chuoni kwako na kukataliwa ukienda kwingine.

Sababu ya pili ni nenosiri lililobadilishwa. Chuo kinapokulazimisha kubadili nenosiri la akaunti yako, kompyuta huendelea kupeleka la zamani, na baadhi ya mifumo huifunga akaunti kwa muda baada ya majaribio mengi. Sahau mtandao kwenye vifaa vyako vyote, simu ikiwemo, kabla ya kuunganisha upya.

Sababu ya tatu ni cheti. Kompyuta ikikuonyesha onyo kuhusu cheti cha mtandao, usikubali ili tu upite, kwa kuwa mtu anaweza kuweka kisambazaji chenye jina la eduroam na kukusanya manenosiri. Linganisha jina la cheti na lile lililotangazwa na kitengo cha TEHAMA, au tumia programu rasmi ya kuunganisha ambayo chuo kimeiweka.

15. Mtandao unasema nimezidisha idadi ya vifaa, nami nina viwili tu.

Vyuo vingi huhesabu vifaa kwa anwani ya kadi ya Wi-Fi, inayoitwa MAC. Simu za kuanzia Android 10 na iOS 14 hutumia anwani ya kubuni badala ya ile halisi, na Windows ina mpangilio unaofanana na huo unaoitwa "Random hardware addresses". Kifaa kimoja kilichobadilisha anwani huhesabiwa kama viwili. Zima mpangilio huo kwa mtandao wa chuo pekee, uache ukiwa umewashwa kwingine, kisha omba vifaa vya zamani vifutwe.

16. Tunaweza kuchomeka ruta yetu kwenye tundu la waya la hosteli?

Msifanye hivyo bila ruhusa. Ruta ya nyumbani iliyochomekwa kwa tundu lake lisilo sahihi huanza kugawa anwani kwa hosteli nzima, na vyumba vingine hupoteza intaneti bila kujua sababu. Mkikuta ghorofa yote imepata anwani za ajabu jioni moja, toeni taarifa TEHAMA na mtaje uwezekano huu.

## Hotspoti ya simu, bando na umeme

17. Nikitumia hotspoti ya simu, kompyuta inakata na bando linaisha haraka.

Kwanza, kama simu na kompyuta viko meza moja, tumia waya wa USB na uwashe ushirikishaji wa intaneti kwa USB. Hukwepa msongamano wote wa hewa na simu inachajiwa wakati huohuo. Ukipendelea hotspoti, na kompyuta haiioni, ihamishe kwenye gigahezi 2.4, kwenye iPhone mpangilio huo unaitwa "Maximize Compatibility". Zima pia hali ya simu inayofunga hotspoti kifaa kikikaa kimya.

Kuhusu bando, iambie Windows kwamba mtandao huo unalipiwa kwa kipimo, kwa kuwasha "Metered connection" kwenye mipangilio ya mtandao huo. Hilo huzuia sehemu kubwa ya masasisho. Sitisha pia OneDrive, ambayo hupandisha picha na mafaili bila kukuuliza.

18. Umeme ukikatika na kurudi, taa za hosteli zinawaka lakini Wi-Fi hairudi.

Swichi za mtandao na visambazaji vya chuo huchukua dakika kadhaa kuamka, na kifaa kimoja kilichoganda katikati ya njia kinatosha kuzuia jengo zima. Subiri dakika kumi, kisha toa taarifa. Kwa ruta yenu wenyewe, UPS ndogo (betri ya akiba) ya volti 12 huiweka hai kwa saa kadhaa. Hakikisheni volti yake inalingana na iliyoandikwa kwenye chaja ya ruta.

## Hali zisizo za kawaida

19. Tovuti za ndani zinafunguka, za nje haziendi. Ni kompyuta?

Hapana. Sehemu kubwa ya intaneti yetu hupita kwenye nyaya za baharini, zikiwemo SEACOM na TEAMS zilizoanza mwaka 2009 na EASSy iliyoanza mwaka 2010. Tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zilikatika kwa pamoja, na watumiaji wa Tanzania, Kenya na majirani zao walipata intaneti hafifu kwa siku kadhaa. Siku kama hiyo usibadilishe chochote kwenye kompyuta, kwa sababu mabadiliko hayo yatakusumbua nyaya zitakapotengenezwa.

20. Nina mtihani wa mtandaoni kesho na Wi-Fi yangu haiaminiki. Nijiandae vipi?

Chagua mahali leo, kwa kutumia kipimo cha swali la 5, saa ileile ya mtihani. Andaa simu yenye bando na waya wake wa USB, na ujaribu kubadilisha kutoka Wi-Fi kwenda simu kabla ya mtihani ili mikono iwe imezoea. Funga programu zote zinazosawazisha mafaili. Katika kikao cha video, kuzima kamera husaidia kuliko hatua nyingine yoyote, maana sauti peke yake huhitaji chini ya kilobiti 100 kwa sekunde. Majibu marefu yaandike kwanza kwenye hati iliyohifadhiwa ndani ya kompyuta, kama kanuni za mtihani zinaruhusu. Mtandao ukikata, piga picha ya kioo inayoonyesha saa, na umwandikie msimamizi papo hapo kwa simu.

21. Niwaeleze nini TEHAMA ili wanisaidie haraka?

Sentensi kama "Wi-Fi haifanyi kazi" huwalazimu kuanza kukuhoji. Andika jengo, ghorofa na chumba. Tarehe na saa ilipokata. Jina la mtandao. Kama simu nayo ilisumbua. Na matokeo ya amri tatu za swali la 1. Ongeza mstari wa "BSSID" kutoka kwenye amri ya swali la 5, kwa kuwa unawaonyesha ni kisambazaji kipi hasa ulichoshika. Kisha fungua dirisha jeusi kwa kuchagua "Run as administrator", andika `netsh wlan show wlanreport`, na Windows itatengeneza ripoti ya siku tatu zilizopita yenye kila kukatika na sababu yake. Dirisha litakuonyesha mahali faili lilipohifadhiwa. Liambatanishe na barua pepe, na omba namba ya kumbukumbu ya taarifa yako ili ufuatilie wasipojibu.